Matanga ya Mama Pili wa Kwenye Kompyuta

Jamani, mimi hili jambo silisimulii ovyo, na si kwamba ni siri (Lushoto wanalijua wote, wewe shuka stendi uulize yule kijana aliyeweka matanga ya mtu wa kwenye kompyuta, utaonyeshwa hadi mlango wetu), ila kila nikilianza nasikia masikio yanawaka moto. Sasa kwa kuwa mmeninywesha chai yenu na mmenibana, basi nitasema, na atakayecheka acheke, nimeshazoea.

Mnaikumbuka ile miaka ya biashara huria ilipopamba moto, kila mwenye chumba kinachotazama barabara kafungua duka, mara mitumba, mara redio, mara soda za rangi ambazo hatukuwahi kuziona. Ndipo na sisi Lushoto tukapata kibanda cha intaneti. Kompyuta zilikuwa nne, moja mbovu, mwenye mali alikuwa anaishi Tanga, na mhudumu ndiye mimi Singano, kijana wa watu niliyejua kuwasha na kuzima kuliko wenzangu. Mtandao ulipita kwenye waya wa simu, na ukitaka kuunganisha mashine ilikuwa inalia kama paka wawili wanaogombana ndani ya debe, mpaka wapita njia wanachungulia.

Huko mtandaoni nikagundua mahali ambapo mtu yeyote anaweza kufungua uwanja wake bure. Mkiingia, kila mmoja anapewa kikaragosi, kimtu kidogo cha kuchora (wenyewe wanakiita avata), unakichagulia nywele na nguo, kinatembea, kinakaa, kinainua mkono, na ukiandika maneno yanatokea juu ya kichwa chake. Kwa waya wetu ule, ukikiambia kikae kilikaa baada ya wewe kwenda kunywa maji na kurudi, lakini tuliona ni maajabu. Nikafungua uwanja wa watu wa milimani waliotawanyika, nikauita Kaya, maana kwa Kishambaa kaya ni nyumbani. Nilitaka nipande migomba, lakini mule kulikuwa na minazi tu, basi nikapanda minazi na kuwaambia wote waione kuwa ni migomba.

Tulikuwa watu tisa. Wa kuwajua ninyi ni watatu. Wa kwanza Nassoro, karani wa Tanga, aliyekuwa anaandika kwa herufi kubwa mwanzo mwisho, ukimsoma unahisi anakupigia kelele. Wa pili Mwalimu Shemdoe, aliyenifundisha darasa la sita na la saba, na akanichapa kwa hesabu za sehemu, alipostaafu akahamia Muheza kwa mwanawe. Wa tatu Bi Rehema, muuguzi mstaafu, naye yuko Muheza, mjane, mpole, anaandika taratibu na kuweka nukta kila mahali panapostahili.

Shida ya kijiji cha watu tisa ni kwamba hawaji kwa wakati mmoja. Huyu ameingia saa tisa akakuta minazi tu, akasubiri nusu saa aliyolipia ikaisha, akatoka. Mwenzake akaingia saa kumi, naye minazi. Kila mmoja akaenda kusema Kaya imekufa. Nilijaribu kila kitu, nikaweka saa maalumu, nikaweka mafumbo, nikaweka shindano la kofia nzuri (akashinda Nassoro, alikuwa peke yake). Halafu wenye mtandao wakaleta onyo kwamba uwanja ukikaa kimya mwezi mzima wanaufuta. Na Alhamisi moja nilikuwa nahangaika na karatasi ya mteja iliyokwama kwenye mashine ya kuchapa, niliporudi nikakuta Bi Rehema alikuwa ameingia, amesimama katikati ya minazi, kaandika "Hodi?" na baada ya muda tena "Hodi?" kisha akaondoka. Ile hodi ya pili ilinichoma.

Ndipo nikaamua kitu kidogo tu. Nikasema, kijiji kinahitaji mtu ambaye yupo siku zote, na kama hayupo, atengenezwe. Kwenye kompyuta ya pili nikamuumba Mama Pili, mnene wa wastani, gauni la njano, miaka sabini, muuza mapeasi wa Mlalo. Ulimi wake niliuazima kwa mama mkubwa, dada yake mama yangu, ambaye kweli yuko Mlalo na kweli anauza mapeasi, na kwa kuwa mwongo hufikiri kwa haraka, nikamtambulisha hivyohivyo: "Huyu ni mama yangu mkubwa wa Mlalo, anakuja sokoni Lushoto kila siku, na jioni atakuwa anapita hapa kuwasalimia."

Wakampenda, jamani! Mama Pili alikuwa anatania kila mtu, anauliza nani kaoa na nani kaachwa, anawaambia minazi ya Singano haizai ndizi. Watu wakaanza kuja kwa wakati mmoja ili wamkute. Mimi nikawa nakimbia kati ya viti viwili, huku naandika kama Singano, kule najijibu kama Mama Pili, wateja wananiangalia wanadhani nina kichaa. Aibu kubwa ilikuwa ya Mwalimu Shemdoe. Kila jioni, kwa heshima zake, alikuwa anaandika, "Shikamoo dada yangu." Sasa nifanyeje? Mwanamke wa miaka sabini asiitikie? Nilikuwa nageuka nyuma kwanza, nahakikisha hakuna anayeniona, ndiyo naandika, "Marahaba mdogo wangu, umeshindaje huko?" Yule mwalimu aliyekuwa akiingia darasani nashika makalio!

Na Bi Rehema kila Alhamisi alikuwa anamtafuta Mama Pili peke yake, wanakaa chini ya mnazi mmoja pembeni, anamweleza habari za marehemu mumewe, jinsi nyumba ilivyokuwa kubwa ghafla. Mimi namjibu. Hapo sikuwa natania, hilo naomba mnisadiki.

Lakini nilichoka. Mama Pili alikuwa ananilia jioni zangu zote, na siku moja Nassoro akaandika, "MWEZI UJAO NAKUJA LUSHOTO NIMUONE MAMA PILI NINUNUE NA MAPEASI." Nikatokwa na jasho. Nikasema huyu mama lazima aache kuja, nitawaambia amechoka na mambo ya mtandao. Mchana huo mvua ilikuwa inatishia, waya unakohoa, nikaandika haraka haraka kabla haujakatika: "Ndugu wanakaya, nasikitika kuwaarifu kuwa Mama Pili hatunaye tena. Asanteni kwa upendo wenu." Nikabonyeza, na waya ukakatika palepale.

Naomba mjisomee wenyewe maneno yale. Mimi nilimaanisha ameacha.

Mti ulikuwa umeangukia nguzo za simu kule njia ya Soni, tukakaa siku tatu bila mtandao. Uliporudi nikaingia Kaya nikakuta pamejaa. Wote wapo, na wengine nisiowajua, vikaragosi vimekaa safu kwa safu chini ya minazi vimeinamisha vichwa (kuna kitufe cha kuinamisha kichwa, sikuwahi kujua). Nitawaambia ukweli mchungu: kitu cha kwanza nilichohisi haikuwa aibu, ilikuwa furaha. Kijiji changu kimejaa! Halafu nikaanza kusoma. Inna lillahi. Poleni sana. Alikuwa mama wa wote. Bi Rehema aliandika, "Nimelia. Sikupata hata kumuaga."

Hapo ndipo ningesema, jamani, mmenielewa vibaya, ingekuwa kicheko na mambo yamekwisha. Lakini nikafikiri, kumbe tatizo langu limetatuka lenyewe, hakuna tena wa kuja kumuona. Nikaandika, "Asanteni, tumeshapoa." Na Nassoro akajibu, "JUMAMOSI TUNAKUJA KUHANI NA KHITMA TUTASOMEA HUKO HUKO."

Nikapanga. Jumamosi nitawapokea stendi, nitawaambia matanga yameshaanuliwa, nitawanywesha chai hotelini, nitawarudisha Mombo na gari la mchana. Basi asubuhi nikajikunja stendi kwa uso wa huzuni niliokuwa nimeufanyia mazoezi kwenye kioo. Saa tatu. Saa nne. Hakuna mtu. Akatokea mpagazi mmoja tunafahamiana, akaniangalia kama kaona jini. "We Singano, bado umesimama hapa? Kwenu kuna msiba, watu wamejaa!"

Mniamini msiniamini, mimi mwenyewe nilisahau uongo wangu. Nilifikiri amekufa mama. Nilipanda ile njia ya Magamba mbio, nalia kweli, kiatu kimoja nimekiacha kwenye tope.

Kumbe wageni wangu walikuwa wamekodi Hiace, na pale Soni wakauliza nyumbani kwa Singano wa intaneti, wakapewa maelekezo mazuri kuliko ambayo ningewapa mimi, wakapita stendi bila kusimama. Wakafika kwetu watu kumi na wawili na mchele, sukari na gunia la machungwa ya Muheza, wakamkuta mama anapalilia kabichi. Mwalimu Shemdoe akavua kofia, akasema kwa sauti yake ya darasani, "Mama, tumekuja kukupa pole kwa kufiwa na dada yako wa Mlalo."

Mama ana dada mmoja tu, na yuko Mlalo. Mama akapiga ukelele ambao ulisikika mpaka ng'ambo ya bonde.

Kwetu ukelele ule hauulizwi mara mbili. Nilipofika, mikeka ilishatandikwa, kuni zimeletwa, masufuria makubwa yako jikoni, majirani zetu Walutheri wamebeba benchi za usharika kwa mabega, shehe ameshafika na juzuu zake. Mama yuko katikati ya wanawake, amejifunga kanga kichwani, analia kwa Kishambaa maneno ya utoto wao na dada yake. Nikapiga magoti mbele yake. "Mama, mama mkubwa hajafa."

Wanawake wakatazamana. "Masikini," mmoja akasema, "mshtuko. Mleteeni maji ya sukari."

"Hajafa! Yuko mzima!"

"Ndiyo baba, ndiyo," wakanishika mabega, wakaninywesha maji ya sukari kwa nguvu mpaka yakanipalia. Nikaenda kwa shehe, akanipiga mgongo akaniambia nisubiri, moyo utakubali tu. Na mimi, nisiwafiche, sehemu ya kusema hajafa niliiweza, sehemu ya kueleza kwa nini watu wa Muheza wanadhani amekufa ilinishinda.

Halafu mama akanyamaza ghafla. Akauliza, "Lakini habari ya Mlalo imefikaje Muheza kabla ya kufika hapa?"

Kijamaa kimoja chembamba, chenye sauti ndogo hata ya kuinamia ili uisikie, kikajibu, "Alitutangazia Singano mwenyewe, mama. Tangu wiki iliyopita." Huyo ndiye alikuwa Nassoro wa herufi kubwa! Mimi nilikuwa nategemea jitu la kifua.

Mama akanigeukia. "Ulijua wiki nzima. Ukawatangazia watu wa mbali. Mimi tumbo moja naye, tunakula meza moja na wewe kila siku, hukuniambia?"

Wajomba wakaanza kunitazama vile wanavyotazamwa wezi wa kuku. Binamu zangu wawili walishatumwa stendi kutafuta gari la kwenda Mlalo kuliona kaburi, na huko stendi wakampa habari kondakta aliyekuwa anaondoka, na kondakta, kama mjuavyo, hakosi kuipunguza habari njiani. Ilipofika Mlalo ilikuwa imebaki maneno matatu: kwa dada'ko msiba. Mama mkubwa akatupa kapu la mapeasi, akadandia gari lilelile linalogeuza.

Saa nane mchana, wali unakaribia kuiva, tukasikia mtu anapanda njia analia, "Dada yanguuu! Umeniacha na nani!" Watu wakasimama kumpisha. Akatokea mama mkubwa mwenyewe, kanga mabegani, vumbi mpaka magotini, analia macho yamefumba. Mama akainua uso. Mama mkubwa akafumbua macho. Wakaonana.

Jamani. Wanawake wawili walikimbia kuingia jikoni, mzee mmoja akashika ukuta, na mama na dada yake wakakumbatiana wakaanguka wote kwenye mkeka, wanalia upya, kila mmoja anampapasa mwenzake uso kama anahakikisha ni yeye. Shehe akafunga juzuu kwa kidole katikati, akauliza polepole, "Sasa hapa aliyekufa ni nani?"

Na watu wote, bila kuambiana, wakanigeukia mimi.

"Mama Pili," nikasema.

"Mama Pili wa nani?"

"Wa kwenye kompyuta, shehe."

"Amefia kwenye kompyuta?"

"Hakufa, shehe. Hakuwepo."

"Hakuwepo lini?"

"Siku zote."

Ikabidi nieleze, nimesimama kiatu kimoja, mbele ya kijiji kizima na shehe na Walutheri na wajomba. Nikaeleza kikaragosi ni nini, nikaeleza minazi, nikaeleza watu kuingia na kukuta patupu, nikaeleza gauni la njano. Nilipomaliza, Mwalimu Shemdoe alivua miwani akaifuta, akaivaa tena.

"Singano. Ngoja kidogo. Ile shikamoo ya kila jioni."

"Ndiyo mwalimu."

"Nilikuwa nakuamkia wewe."

"Ndiyo mwalimu."

"Na ulikuwa unaitikia."

"...Ndiyo mwalimu."

"Tena ukaniita mdogo wako."

Aliyepasuka kwanza ni mama mkubwa. Kicheko chake kilianzia chini tumboni kikapanda, akajishika mbavu, mama naye akacheka huku machozi hayajakauka, halafu wajomba, halafu uwanja wote, mpaka Nassoro akatoa sauti. Mwalimu peke yake alijikaza. "Zote zirudishe," akasema. "Anza na mimi." Basi nikapiga magoti nikaanza, shikamoo mwalimu, shikamoo mwalimu, yeye anaitikia moja moja kwa utulivu, marahaba, marahaba, na nyuma yake ikajipanga foleni, watu ambao hawajawahi hata kuiona kompyuta wakadai na zao ziletwe, hadi sauti ikanikauka. Shehe akasema dua haiendi bure, kila mmoja hapo ana mtu wake aliyetangulia, basi tuwasomee hao. Tukasoma khitma kweli, nzuri, na watu wakatulia. Kisha wali ukapakuliwa.

Mmoja hakucheka. Nilimkuta Bi Rehema nyuma ya nyumba, amekunja mikono ya gauni anaosha sahani ingawa ni mgeni. Nikachutama karibu yake nikachukua kitambaa, nikaanza kufuta.

"Nilikuambia mambo ya mume wangu," akasema bila kuniangalia. "Nilidhani naongea na mwanamke mwenzangu."

Nikasema nisamehe mama, naye akaendelea kusugua sahani ileile.

"Yale maneno uliyokuwa unanijibu, uliyatoa wapi?"

"Kwa mama. Ndivyo alivyokuwa anasema baba alipofariki."

Akageuka akamwangalia mama, aliyekuwa kule mkekani anamlisha dada yake tonge kwa mkono. Akanipa sahani nyingine. "Hii ina mafuta bado. Futa vizuri." Hakusema amenisamehe. Lakini alipomaliza vyombo alikwenda akakaa karibu na mama, na wakati Hiace inapiga honi ya kuondoka wale wawili ndio waliochelewa kuagana.

Kaya je? Wiki mbili za kwanza ilijaa, wote wanakuja kunicheka, Nassoro kwa herufi kubwa kama kawaida. Kisha wakapungua, kama zamani. Bi Rehema alikaa mwezi hakuonekana. Alhamisi moja nikamwona kasimama chini ya minazi. "Singano, upo?" Nikaacha mteja, nikaacha karatasi imekwama, nikakimbia kitini. Nipo, shikamoo. "Marahaba. Uko na nani?" Niko peke yangu, Bi Rehema. "Basi kaa," akaandika, na kikaragosi chake kikaanza taratibu kukaa.

Kwa hiyo mimi nimeapa, mbele ya mama, na sasa mbele yenu: sitamzaa tena mtu kwenye mtandao, wala sitamuua. Tukiwa watatu tutakuwa watatu, nikiwa peke yangu nitakaa na minazi yangu mpaka mtu apige hodi, na wenye uwanja wakitaka kuufuta na waufute. Mama mkubwa yeye ndiye aliyefaidi. Mpaka leo akipanda gari la Mlalo, kabla hata hajapata kiti, anawatangazia abiria kwamba wanasafiri na marehemu, aliyefika kwenye matanga yake mwenyewe akala wali sahani mbili na akaomba ukoko.